Kiatu, chatu na makala: mpangilio wa michakato tegemezi katika programu ya kuchanganua Kiswahili cha Mubambiro

Makala haya yanahusu swali moja. Ikiwa programu ya kompyuta ina hatua kadhaa, na hatua moja haiwezi kufanya kazi sawasawa mpaka nyingine imalize, mpangilio wa hatua hizo uamuliwe na nini? Wenzetu wa sayansi ya kompyuta hulijibu kwa kile kinachoitwa ruwaza za usanifu. Sisi wa isimu tumelijadili tangu miaka ya 1960 kwa jina jingine, mpangilio wa kanuni. Ninadai kwamba swali ni lile lile, na kwamba mwanafunzi wa lugha za Kiafrika akikabidhiwa programu ya kuchanganua maneno, asimwachie fundi wa kompyuta peke yake uamuzi wa nini kitangulie nini. Uamuzi huo ni wa kiisimu, na wakati mwingine unaamua Kiswahili cha nani kitahesabiwa.

Data yangu ni Kiswahili kinachosemwa kwetu Mubambiro, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, upande wa Masisi. Wasomaji wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Mimi nalijua kwanza kwa sababu ya makala, na neno hilo nitalirudia. Mifano yote ya kwetu nimeitoa katika usemi wangu na wa nyumbani. Programu ninayoizungumzia ni ndogo, niliiandika mwenyewe kwa lugha ya Python, ambayo kwa Kiswahili ni chatu. Msomaji atacheka mbele kidogo. Asiyewahi kuandika programu asiogope, kwani sitaweka hapa hata mstari mmoja wa msimbo.

Kufuatana na kutegemeana

Kabla ya kuingia kwenye kompyuta, tuitazame lugha yenyewe, maana Kiswahili cha Kivu kinatenganisha mambo mawili ambayo maandishi mengi ya programu huyachanganya.

(1) Naosha sahani, kiisha nafagia.
(2) Maji ikishachemka njo unatia bunga.

Katika (1), neno *kiisha* linaeleza kufuatana tu. Ukifagia kwanza kisha ukaosha sahani, hakuna kitakachoharibika. Katika (2), neno *njo*, ambalo ni ndugu wa *ndiyo* na *ndipo* za Kiswahili sanifu, linasema zaidi ya hapo: kutia unga kunategemea maji kuchemka. Ukigeuza, hupati ugali. Msemaji wa Mubambiro hawezi kuweka *njo* kwenye (1) bila kuufanya usikike kana kwamba kuna amri ya siri inayokataza kufagia mbele ya sahani kuoshwa.

Programu nyingi huandikwa kana kwamba zote ni *kiisha*. Mistari inafuatana kutoka juu kwenda chini, na anayeisoma miaka miwili baadaye hawezi kujua mstari wa saba upo chini ya wa sita kwa sababu unautegemea au kwa sababu mwandishi aliukumbuka baadaye. Ruwaza zinazopanga michakato tegemezi, ukizitazama kwa jicho la isimu, ni njia mbalimbali za kuweka *njo* ndani ya programu.

Kiatu kinapogeuka chatu

Tuchukue kanuni mbili za kifonolojia ambazo kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anazijua. Ya kwanza, tuiite A, ni ukaakaishaji: kiambishi *ki-* huwa *ch-* mbele ya irabu. Ndiyo maana tuna *ki-ombo* > *chombo*, *ki-ama* > *chama*, *ki-eusi* > *cheusi*. Ya pili, tuiite B, ni udondoshaji wa /l/ kati ya irabu, badiliko la kihistoria lililoacha alama kila mahali katika Kiswahili.

Sasa mbona tunasema *kiatu* wakati *ki-* ipo mbele ya irabu? Jibu limo katika lugha jirani. Kikuyu kina *kĩratũ* kwa maana hiyo hiyo, na /r/ yake inalingana na /l/ iliyopotea kwetu. Umbo la zamani lilikuwa *ki-latu*. Vivyo hivyo *kioo*: mzizi wake ni ule wa kutazama, ambao Kiyao kinao kama *-lola* na Kikuyu kama *-rora*. Umbo la zamani ni *ki-lolo*, kitu cha kutazamia. Kanuni A ilipopita, /l/ ilikuwa bado imekaa mahali pake, ikaikinga *ki-*. Baadaye B ikaiondoa.

(3) ki-latu, kwanza A: hakuna badiliko, kisha B: *kiatu*
(4) ki-latu, kwanza B: *kiatu*, kisha A: *chatu*

Nilizipa kompyuta kanuni hizi mbili kwa mpangilio wa (3), kisha kwa makusudi nikazigeuza kama katika (4). Kiatu kikawa nyoka. Na *ki-lolo*, ambayo kwa (3) inatoa *kioo*, kwa (4) ikatoa *choo*.

Kicheko kikiisha, tutazame kilichotokea. Kompyuta haikusimama. Haikutoa onyo lolote, kwa sababu *chatu* na *choo* ni maneno halali ya Kiswahili na yamo katika kamusi. Mtu akiweka mwishoni hatua ya kukagua tahajia, hatua hiyo itayapitisha yote mawili. Hili ndilo tatizo halisi la michakato tegemezi: mpangilio ukikosewa, mara nyingi matokeo si takataka bali ni kitu kizuri kisicho chenyewe.

Katika fonolojia zalishi, iliyopata umbo lake kamili katika kazi ya Chomsky na Halle ya 1968, mpangilio wa kanuni ulichukuliwa kuwa sehemu ya sarufi. Mwaka huo huo Kiparsky akatupa istilahi za uhusiano kati ya kanuni, ikiwemo ile ya kanuni moja kuilisha nyingine. B ingeweza kuilisha A, kwani kila /l/ inayodondoka inaacha *ki-* mbele ya irabu. Lakini B ilichelewa mezani, A ikawa imeshakula na kuondoka.

Mtu anaweza kupinga kwamba programu ya leo haihitaji kurudia historia, kwani tunaweza kuandika *kiatu* katika kamusi yake kama kilivyo tukamaliza. Ni kweli kwa *kiatu*. Si kweli kwa utegemezi ulio hai. Chukua kauli ya kutendea. Kutoka *toa* tunapata *tolea*, kutoka *nunua* tunapata *nunulia*. Ili kuchagua kati ya *-lea* na *-lia* ni lazima tuone irabu ya mwisho ya mzizi, na irabu hiyo haionekani mpaka irabu tamati *-a* iondolewe. Hatua ya usawazishaji wa irabu ikitangulia, itaiona *-a*, itachagua *-lia*, na tutapata *tolia*, neno ambalo hakuna mtu anayelisema kwa maana hiyo. Hapa hakuna historia, ni leo.

Ruwaza, na mlango wa karani

Wazo la ruwaza halikuanzia kwenye kompyuta. Msanifu majengo Christopher Alexander na wenzake walichapisha mwaka 1977 kitabu chenye ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba: kila ruwaza ni tatizo linalojirudia pamoja na kiini cha suluhisho lake, ambalo kila mjenzi atalitekeleza kwa namna yake. Mwaka 1994 Gamma, Helm, Johnson na Vlissides wakafanya jambo kama hilo kwa programu, wakaorodhesha ruwaza 23. Sitazipitia. Tatu tu ndizo zinazonihusu, na moja kati ya hizo imetoka kwingine.

Ya kwanza ni ya kiunzi. Darasa mama linaweka mpangilio usiobadilika, na madarasa mwana yanajaza hatua. Kwa kauli ya kutendea inafaa sana: ondoa irabu tamati, tazama irabu ya mzizi, pachika kiambishi, rudisha irabu tamati. Kauli ya kutendesha na ya kutendeka zinaweza kubadilisha kinachopachikwa bila kugusa mpangilio. Hapa sina la kuongeza.

Ya pili ni ya mifereji na vichujio, ambayo watumiaji wa Unix waliipata mwaka 1973 kutokana na wazo la Doug McIlroy. Kila hatua inapokea kilichotoka hatua iliyotangulia, inakichuja, inakipitisha. Ni nyepesi kuandika, na ndiyo inayotumika mara nyingi katika kazi za lugha: kata sentensi, kata maneno, sanifisha tahajia, changanua, hesabu. Udhaifu wake ni kwamba kila kichujio kinaona tu kilichoachwa na mwenzake wa juu. Kilichomwagwa huko juu hakirudi.

Kwetu husema *batoto banaimba* pale ambapo Kiswahili sanifu kina *watoto wanaimba*. Kiambishi *ba-* si kigeni kwa mtu yeyote wa Masisi, kwani Kihunde kinacho na Kinyarwanda kina *aba-*. Anayetaka kutumia kamusi ya Kiswahili sanifu atashawishika kuweka kichujio mapema kinachogeuza *ba-* ya mwanzo wa neno kuwa *wa-*. *Batoto* inakuwa *watoto*, vizuri. *Barua* inakuwa *warua*, ambayo angalau haimo katika kamusi na itashtukiwa. Lakini *baridi* inakuwa *waridi*. Mtu wa Mubambiro anayelalamika asubuhi kwamba *leo kuko baridi* anaingia katika hazina ya data akiwa anazungumzia maua. Na *bamama*, ambao kwa Kiswahili sanifu ni akina mama, wanageuka *wamama*, umbo ambalo baadhi ya walimu wetu watalikata kwa wino mwekundu.

Ya tatu ni ya mnyororo wa wajibu, na hii ndiyo niliyotaka kufika. Ombi linapitishwa kwa washughulikiaji waliopangwa mstari. Wa kwanza anayeweza kulishughulikia analichukua, na walio nyuma yake hawajui kwamba liliwahi kuja. Ni kama ofisi yenye makarani wawili: barua ikimalizwa kwenye meza ya kwanza, ya pili haiioni. Kwa programu ya lugha inaonekana ni busara kabisa: uliza kamusi sanifu kwanza, ikishindwa uliza orodha ya maneno ya kwetu.

Sasa chukua sentensi hii, ambayo barabarani kati ya Sake na Goma unaweza kuisikia kila siku mbele ya chukudu iliyopakiwa magunia:

(5) Batoto bale banauza makala.

Makala ni mkaa wa kuni. Kamusi sanifu ikiulizwa inajibu mara moja, kwa ujasiri, kwamba makala ni maandishi ya gazetini au ya jarida kama hili. Mnyororo unaishia hapo. Orodha ya kwetu, ambayo ndiyo yenye jibu, haiulizwi. Ukigeuza mnyororo na kuanza na orodha ya kwetu, basi siku utakapoipa programu gazeti la Nairobi, wahariri wote watakuwa wachoma mkaa. Ruwaza hii imejengwa juu ya dhana kwamba anayeweza kujibu ndiye anayepaswa kujibu. Kwa lugha yenye lahaja nyingi dhana hiyo haifai, kwa sababu maneno yanayopishana kwa maana ndiyo hasa yanayotambulisha lahaja.

Niongeze jambo moja la pembeni ambalo lilinifurahisha kuliko programu yenyewe. Neno sanifu ni *makaa*. Tofauti kati ya *makaa* na *makala* ni /l/ ile ile ya *ki-latu*. Kanuni B iliyopita pwani ikaacha *makaa*, *kiatu* na *kioo* haikuligusa neno la kwetu, ambalo linakwenda pamoja na lugha za Kibantu zilizotunza sauti hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuthibitisha kwamba /l/ ilikuwepo hana haja ya kwenda mbali. Ipo kwenye gunia.

Kutamka mahitaji badala ya kutamka zamu

Mwaka 1976 Stuart Feldman, akiwa Bell Labs, aliandika programu iitwayo Make. Mtumiaji wake haandiki hatua ipi ianze. Anaandika kila faili linategemea mafaili gani, na Make inatafuta yenyewe mpangilio. Ukibadilisha faili moja, inarudia hatua zinazolitegemea tu. Kwetu umeme haukai, na betri ya kompyuta haina huruma: nikiongeza neno *chukudu* katika orodha, nataka uchanganuzi urudiwe, lakini sitaki ukataji wa maneno uanze upya kwa matini yote. (Chukudu yenyewe ni mtego. Programu inaona *ch-* na kudai kwamba wingi wake ni *vyukudu*, neno ambalo sijalisikia maishani.)

Njia ya kupata mpangilio kutokana na mahitaji ilielezwa na Kahn mwaka 1962. Andika kila hatua pamoja na inazozihitaji. Chukua hatua isiyohitaji chochote, ifanye, ifute katika mahitaji ya wengine. Rudia. Zikiisha zote, umepata mpangilio, na pengine kuna mipangilio mingi inayokubalika, ambayo ni *kiisha* zako. Zikibaki hatua na hakuna hata moja iliyo tayari, una mzunguko: zinangojeana.

Nilipoandika mahitaji ya hatua zangu kwa namna hii, mzunguko ulijitokeza mara moja. Usanifishaji unahitaji uchanganuzi, kwa sababu hatuwezi kugeuza *ba-* kuwa *wa-* mpaka tujue kama ni kiambishi cha ngeli au ni sehemu ya mzizi. Uchanganuzi unahitaji usanifishaji, kwa sababu kamusi tuliyo nayo ni ya Kiswahili sanifu. Programu ikakataa kuendelea. Katika mtindo wa mifereji mzunguko huo ulikuwepo pia, ila haukuonekana. Ulifichwa na mtu aliyeamua kuweka kichujio kimoja juu ya kingine, na matokeo yake yalikuwa waridi. Napendelea programu inayokataa.

Hapa isimu ilikuwa imeshatangulia. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alipendekeza mofolojia ya ngazi mbili, ambamo kanuni hazipangwi foleni. Zote zinatazama kwa wakati mmoja umbo la ndani na umbo la nje. Kanuni A ingeandikwa hivi: *ki-* huwa *ch-* ikiwa katika umbo la ndani inafuatwa na irabu. Katika *ki-latu* umbo la ndani lina /l/ baada ya *ki-*, basi A inanyamaza. B inaruhusu /l/ hiyo isionekane nje. Chatu hawezi kuzaliwa, si kwa sababu tumezuia zamu, bali kwa sababu kila kanuni imesema inasoma kutoka ngazi ipi. Utegemezi umebaki, foleni imeondoka.

Nilichojifunza hapo kwa upande wa usanifu wa programu ni hiki: hatua isisome kile kilichoachwa na hatua iliyotangulia, bali isome kitu chenye jina. Matini asilia hayafutwi kamwe. Uchanganuzi unakaa kando yake, umbo sanifu kando ya uchanganuzi. Kila hatua inatamka inachohitaji kwa jina na inachotoa kwa jina.

Ubao

Mzunguko bado haujafunguliwa. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Carnegie Mellon waliokuwa wakijenga mfumo wa kutambua usemi, Hearsay-II, walikutana na jambo kama hilo: huwezi kujua sauti bila kujua neno, na huwezi kujua neno bila kujua sauti. Waliweka ubao wa pamoja. Kila mtaalamu, yaani kila sehemu ya programu, anaandika makisio yake ubaoni, anasoma ya wengine, anaongeza au anapunguza uzito. Buschmann na wenzake waliiingiza ruwaza hii katika kitabu chao cha 1996, kando ya mifereji na vichujio.

Kiswahili kimeshapata mfumo unaofanana na wazo hili kwa kiasi fulani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kazi iliyozaa SALAMA, mfumo wa kuchanganua Kiswahili uliojengwa juu ya mofolojia ya ngazi mbili. Mchanganuzi unatoa makisio yote yanayowezekana kwa neno, kisha kanuni za muktadha, kwa mtindo wa sarufi mashurutia ya Fred Karlsson, zinaondoa yasiyokubaliana na jirani zake. Hakuna anayelazimika kujua jibu mapema.

Niliufungua mzunguko wangu kwa kuigawa hatua ya uchanganuzi mara mbili. Ya kwanza inapendekeza tu, na haihitaji umbo sanifu: inaijua *ba-* kama umbo halali la kiambishi cha ngeli ya watu, sawa na *wa-*, na papo hapo inaiacha *baridi* iwe mzizi mzima. Ya pili inachuja. Katika (5), *ba-* ya *batoto*, ya *bale* na ya *banauza* zinashikana mikono kwa upatanisho wa kisarufi, na kisio la ngeli ya watu linashinda. Katika *leo kuko baridi* hakuna wa kushikana naye, na *ku-* ya *kuko* inaelekeza mahali. Usanifishaji unakuja baada ya hapo, na unapokea kiambishi kilichotambuliwa, si herufi mbili za mwanzo.

*Makala* ya (5) haikutatulika. Vitu vyote viwili huuzwa. Kama msemaji angesema *gunia mbili ya makala*, gunia lingeamua. Kwa (5) pekee sarufi haina la kusema, na nimeiacha programu iandike makisio yote mawili. Kuna wenzangu wanaoona huo ni uvivu, kwamba programu lazima itoe jibu moja. Sikubaliani nao. Msikilizaji wa kweli pia, akiisoma sentensi hiyo kwenye karatasi bila kujua imetoka wapi, hana haki ya kuchagua.

Usanifishaji ukae wapi

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mabishano haya yote kwa ajili ya *ba-* na gunia la mkaa. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Kivu Kaskazini na Ituri zilipita katika mlipuko wa Ebola ulioua watu zaidi ya 2,200. Shirika la Translators without Borders lilifanya kazi huku wakati huo kuhusu lugha za ujumbe wa afya, na suala la Kiswahili kinachosemwa hapa, tofauti na kile cha vitabu, lilikuwa ndani yake. Mwaka 2020, katika mradi wa TICO-19 wa tafsiri kuhusu virusi vya korona, Kiswahili cha Kongo kiliwekwa kama lugha yenye nafasi yake kando ya Kiswahili kingine. Hiyo ni hatua ya maana. Lakini ukiwa na data ya Kiswahili cha Kongo halafu ukaipitisha katika mfereji ambao kichujio chake cha kwanza ni usanifishaji, kinachotoka upande wa pili si Kiswahili cha Kongo tena, na hakuna atakayejua.

Kwa mtafiti kuna hasara nyingine. Msemaji yule yule wa Mubambiro husema *watoto* na *batoto* katika mazungumzo yale yale. Anabadilisha anapozungumza na mwalimu, na muuguzi, na motari, na nyanya yake. Hilo ndilo jambo la kuchunguzwa. Likisanifishwa kabla ya kuhesabiwa, tunabaki na *watoto* wengi na maswali machache. Tena wasemaji wenyewe hawapo tena mahali pamoja. Februari 2024 mapigano yalipoikaribia Sake, watu wengi wa kule walikimbilia upande wa Goma. Januari 2025 Sake ikatekwa na M23, na siku chache baadaye Goma. Tunachokirekodi leo kwa mtu wa Mubambiro hatuna hakika ya kukirekodi tena kesho kwa jirani yake.

Kwa hiyo katika programu yangu usanifishaji ni hatua ya pembeni. Hakuna hatua nyingine inayouhitaji isipokuwa ile ya kumtafutia msomaji neno katika kamusi. Hesabu zote zinasoma umbo lililosemwa. Ukiitazama ramani ya mahitaji, usanifishaji ni tawi lisilobeba tawi lingine, na ukilikata mti haudondoki. Sikuchagua hivyo kwa mapenzi ya kwetu. Ramani ilichoreka hivyo nilipolazimika kuandika kila hatua inahitaji nini hasa.

Sentensi inaishia wapi

Liko jambo moja ambalo ramani hiyo haijalimeza. Katika kila programu ya lugha niliyoisoma, hatua ya kwanza ni kukata sentensi, na inaonekana haitegemei kitu isipokuwa nukta na herufi kubwa. Masimulizi ya mdomo hayana nukta.

(6) Tulitoka Mubambiro tukafika Sake tukauza makala kiisha tukanunua sambaza tukarudi kufika tulikuta mvua

Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba *-li-* ya *tulitoka* inafungua, kwamba kila *-ka-* inategemea iliyotangulia na haiwezi kusimama bila kichwa, na kwamba *-li-* ya *tulikuta* inafungua upya. Mkato unapaswa kuwa mbele ya *kufika*. Lakini ili kuziona *-li-* na *-ka-* ni lazima vitenzi viwe vimeshachanganuliwa, na uchanganuzi wangu, kwa upande wa kuchuja, unategemea kujua sentensi inaanzia na kuishia wapi, kwani upatanisho wa kisarufi hautafutwi nje ya mipaka hiyo. Hatua ya kwanza inaingojea ya nne. Isitoshe, kwetu kuna *ka-* ya udogo, *katoto kanalia*, na simulizi la mtoto aliyeanguka linaweza kuwa na *kakaanguka*, yenye *ka-* ya ngeli na *-ka-* ya masimulizi zikikaa bega kwa bega. Kwa sasa nimeiweka mipaka ya sentensi ubaoni kama kisio miongoni mwa makisio, na programu inajaribu kukata mbele ya kila *-li-* mpya, ikilegeza mkato pale ambapo kitenzi kisichonyambuliwa kama *kufika* kinaning'inia kati. Kwa masimulizi yangu mafupi inakata vizuri. Kwa mazungumzo ya watu wawili wanaokatizana, bado haikati.